Mgonjwa wa Kwanza wa Taasisi ya Ini

Mgeni aliingia langoni asubuhi ya Sikukuu ya Walezi, bila mwaliko, bila gari, ametanguliza tumbo. Kombo, mlinzi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Ini Unaomweka Mgonjwa Mbele, alilitazama lile tumbo, akatema kijiti cha meno, akapiga saluti.

Asilaumiwe. Katika nchi hiyo, ambayo jina lake tuliache kwa kuwa lilibadilishwa kila Rais alipoota ndoto nzuri, tumbo ndilo lililokuwa kitambulisho cha uongozi. Afisa wa kata alikuwa na kitumbo cha kuanzia kazi. Mkuu wa wilaya alifungua kifungo kimoja. Waziri alitembea ameegemea nyuma kidogo, kama mtu aliyekumbatia pipa. Sasa tumbo la huyu lilikuwa kubwa kuliko la waziri: shati limegoma kufungika na kitovu kimechomoza. Kombo, mtu mwenye uzoefu, alikadiria kwamba huyo hakuwa chini ya Makamu wa Rais.

"Karibu, mheshimiwa! Msafara uko nyuma?"

"Nimekuja peke yangu," alisema mgeni akihema. "Nimeambiwa hapa mnapima ini."

Kombo alicheka sana, kwa sababu mkubwa akisema neno lolote huchekewa, kisha akamkimbiza hadi ukumbini, akampandisha jukwaani, akamketisha kwenye kiti cha katikati cha meza kuu. Watu wote wakasimama. Profesa Makumbuli, mlezi mwandamizi wa watafiti chipukizi, alikatiza hotuba yake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ukumbi ulipoungua. Mgeni akaletewa juisi ya ukwaju, sambusa na shada la maua. Akaombwa aseme neno.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Naitwa Machano. Natengeneza baiskeli. Naumwa. Naomba mnipime."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama mmoja wa Itifaki alifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Profesa Makumbuli aliinuka kuwafafanulia wenye uelewa mdogo kwamba mheshimiwa alikuwa amezungumza kwa mafumbo mazito. Baiskeli ni uchumi, ugonjwa ni uzembe wa watumishi, na kupimwa ni ukaguzi ambao Taasisi inaukaribisha kwa mikono miwili. Makofi yakaongezeka.

Sikitu alikuwa nyuma kabisa, pamoja na watafiti chipukizi wenzake, ambao siku hiyo ya kuwaenzi walezi wao walitakiwa kukaa sakafuni. Alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka uleule, na bado alikuwa na tabia ambayo kwa kawaida huisha baada ya kikao cha kwanza cha kazi, ile ya kumtazama mtu kabla ya kutazama cheo chake. Aliona mikono ya mgeni, myembamba kama spoku za baiskeli. Aliona miguu iliyofura ikimwagika pembeni mwa ndala. Aliona macho, na macho yalikuwa ya manjano.

"Yule ni mgonjwa," alimnong'oneza jirani yake.

"Nani?"

"Mgeni rasmi."

"Mgonjwa? Hapa?" Jirani alisogea mbali. "Sikitu, usituletee balaa. Mgonjwa anatafuta nini Taasisi ya Ini?"

Swali lilikuwa la haki. Miaka mingi nyuma Rais alikuwa ametangaza redioni kwamba ugonjwa wa ini umeshindwa, na Taasisi ilijengwa ili kuchunguza jinsi ulivyoshindwa. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyewahi kuvuka lango lile, na hilo lilihesabiwa kuwa ushahidi. Lakini msidhani kwamba mgonjwa alisahauliwa. Picha yake, iliyochorwa na msanii wa Ikulu, ilitundikwa mbele ya kila ofisi. Alikuwa mwanaume mwenye mashavu, anatabasamu, na watafiti waliisalimu kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

Mama wa Itifaki alimwinamia mgeni akamuuliza gari lake linapeperusha bendera ya namna gani. Machano akamjibu kwamba amekuja kwa miguu, na kwamba kama hawajali angependa kulala kidogo. Kisha akalala palepale, kichwa juu ya maua.

Sahani ya sambusa iliondolewa kimyakimya.

*

Kamati ilikutana. Wengine walitaka mtu huyo afukuzwe kwa kosa la kujifanya kiongozi. Wengine walisema aulizwe kwanza kama ana ruhusa ya kuugua. Profesa Makumbuli ndiye aliyeona mbali.

"Ndugu zangu," alisema, "Waziri anakuja kufungua Kongamano. Taasisi ya Figo wana nini? Wana sanamu ya plastiki. Sisi Mungu ametuletea mgonjwa anayehema!"

Ikaamuliwa kwamba Machano awekwe katika chumba cha maonyesho, kitanda kizungushiwe kamba ya rangi ya dhahabu, na akabidhiwe kwa mtafiti chipukizi mmoja, ili Kongamano lione matunda ya malezi. Profesa alimchagua Sikitu kwa sababu ndiye pekee aliyenyoosha mkono. Wengine walikuwa na akili, wakaitia mikono mifukoni.

"Mwanangu," Profesa alimwambia akimwekea mkono begani, "utafiti si kujua. Wajinga wengi wanajua. Utafiti ni kulelewa. Mimi nilimbebea mkoba mlezi wangu mpaka bega likashuka. Tazama." Akageuka, na kweli bega moja lilikuwa limeshuka. "Wewe utambebea nani?"

"Nitakubebea wewe, Profesa."

"Umeshaanza kuwa mwanasayansi."

Ulezi katika nchi hiyo ulikuwa ngazi. Sikitu alilelewa na Profesa, Profesa akalelewa na Mkurugenzi, Mkurugenzi na Katibu Mkuu, Katibu Mkuu na Waziri, na Waziri akalelewa na Rais mwenyewe, aliyeitwa Mlezi wa Walezi. Mtu asiye na mlezi hakuruhusiwa kushika hata kipimajoto. Na kwa kuwa mtoto hasemi mbele ya wazazi, mtafiti chipukizi hakuruhusiwa kumuuliza mgonjwa swali lolote kabla halijapanda ngazi yote na kushuka.

Sikitu, ambaye aliamini kwa moyo wake wote kwamba taratibu ziliwekwa na watu wenye nia njema waliokuwa na haraka tu, alipeleka swali lake la kwanza: *Unaumwa wapi, na tangu lini?*

Lilipanda. Ofisi moja ililiona lina uchochezi katika neno "wapi". Nyingine ilihoji kwa nini "tangu lini" ifufue awamu zilizopita. Liliporudi, lenye mihuri kila pembe, lilisomeka hivi: *Je, unaridhika, unaridhika sana, au unakosa maneno?*

Sikitu alisimama nje ya ile kamba ya dhahabu akaliuliza, kwa kuwa alikuwa mtiifu. Machano alimtazama kwa yale macho ya manjano.

"Binti," alisema, "una akili timamu?"

Sikitu akainua kamba, akapita chini yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Likawa kosa lake la kwanza.

*

"Shikamoo, baba," alisema upya, kama aliyeingia sasa hivi.

"Marahaba. Eh, ndiyo hivyo. Siku zote hizo unasimama kule kama unanunua samaki."

Alikuwa mcheshi, Machano, maumivu yalipompa nafasi. Aliliita tumbo lake Mheshimiwa. "Mheshimiwa leo hakulala," alizoea kusema, au, "Msogezee Mheshimiwa mto." Kadiri alivyodhoofika ndivyo Mheshimiwa alivyonenepa, na Sikitu, aliyewahi kuwaza mambo mengi kuhusu serikali bila kuyasema, alijizuia asiwaze hata hilo.

Siku moja Machano hakutania.

"Baba yangu alikufa na tumbo hili," alisema. "Watu wakasema karogwa. Kaka yangu akafa nalo. Wakasema pombe, na kaka alikuwa muadhini, binti, hakuijua pombe hata harufu. Sasa zamu yangu. Mimi sitafuti kupona. Nimezika wawili, najua njia inaelekea wapi."

"Sasa unatafuta nini, baba?"

"Nina mtoto mmoja, Raya. Yuko ng'ambo ya mto kwa mumewe, mimba yake ya kwanza, imeshakuwa pevu. Nataka kujua kama hiki kitu kinapita ndani ya nyumba yetu. Kama kinapita, kinapitaje. Kama kuna la kufanya, nimwambie kabla hajajifungua. Basi." Alimshika Sikitu kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto. "Kila mahali nilipokwenda waliangalia macho yangu wakaanza kuzungumza habari nyingine. Wewe utakapojua, niambie. Usinifumbie. Hata likiwa baya namna gani, niambie kwa mdomo wako."

"Nitakuambia," alisema Sikitu.

"Wakikukataza?"

Alikuwa na umri ambao mtu hujibu maswali ya namna hiyo haraka. "Nitakuambia, baba."

*

Ombi la kumpima damu lilikubaliwa, kwa sharti moja dogo, kwamba majibu yaandaliwe kwanza. Ofisi ya Mkurugenzi iliyaandaa vizuri, kwa herufi za kupendeza: *Mgonjwa anaendelea vyema na anamshukuru Rais.* Kilichobaki kilikuwa damu yenyewe kukubaliana nayo.

Haikukubaliana. Sikitu alipima mbele ya mlezi wake, kama sheria ilivyotaka, kwa vipimo vilivyokuwa vikitumika kuwaonyesha wageni jinsi vipimo vinavyofanana. Virusi vya homa ya ini vilikuwemo, bila aibu yoyote.

Profesa Makumbuli aliketi. Kwa muda alionekana kama mtu tu, mzee mwenye bega lililoshuka.

"Profesa, huenda amezaliwa navyo," Sikitu alisema kwa haraka. "Mama humwambukiza mtoto anapojifungua. Au watoto wadogo huambukizwa nyumbani. Mtoto wake huenda anavyo bila kujua, na mjukuu akizaliwa anaweza kukingwa, chanjo ipo! Tunayo hapa, kwenye lile jokofu la mapokezi."

"Jokofu lile lina utepe."

"Tuukate."

"Mwanangu!" Profesa alitazama mlangoni. "Utepe ule ni wa Rais. Akipata nafasi atakuja kuukata. Mwaka huu au mwingine."

"Basi angalau tumwambie mgonjwa. Damu ni yake."

"Damu ni yake," Profesa alikubali kwa upole. "Majibu ni ya ngazi. Yatapanda. Na mgonjwa, ukitazama vizuri, hayumo kwenye ngazi." Akafuta miwani. "Unadhani mimi sikuwa kama wewe? Na mimi nilikuwa na mgonjwa wangu, msichana wa shule. Nilimhurumia sana. Nikanyamaza vizuri sana. Ndiyo maana leo mimi ni Profesa. Kongamano likiisha utapelekwa ng'ambo kusoma, jina lako limeshapita kote. Utarudi daktari bingwa, utawatibu maelfu. Kwa nini uwapoteze maelfu kwa ajili ya fundi baiskeli mmoja?"

Kilichomuumiza Sikitu ni kwamba hesabu ile haikuwa ya kijinga. Alikwenda nayo nyumbani, akala nayo, akajaribu kuipenda. Mama yake alikuwa ameshawaambia majirani habari ya safari. Lakini kila alipofika kwenye wale maelfu aliwaona wamekaa foleni, wote wana macho ya manjano, na yeye, daktari bingwa, amesimama nje ya kamba, anawauliza kama wanaridhika.

Asubuhi alikwenda chumba cha maonyesho. Kitanda kilikuwa kitupu. Machano amehamishwa, aliambiwa, ili aandaliwe. Ananyolewa, anashonewa suti ya kumtosha Mheshimiwa, na mtafiti yeyote haruhusiwi kumkaribia asije akachafuliwa na taarifa. Ataonekana jukwaani. Kesho yake mkwewe atakuja kumchukua, akiwa amepona.

*

Kongamano lilifunguliwa kwa wimbo wa taifa wa wakati huo. Waziri wa Afya Kamili aliegemea nyuma na kutazama dari. Wajumbe kutoka nchi rafiki walipewa mikoba, kofia na picha ya yule mgonjwa mwenye mashavu.

Kisha pazia likafunguliwa, na Machano akasukumwa jukwaani kwenye kiti cha magurudumu. Walimpaka poda usoni kuficha manjano. Suti ilikuwa nzuri. Ndani yake alikuwa amebaki mtu mdogo sana, na tumbo. Kichwa kiliinama upande, na Sikitu, aliyekuwa akingoja kuitwa kwenye mimbari, alijua kutokana na jinsi alivyopepesa macho kwamba akili yake ilikuwa imeanza kuja na kuondoka.

"Na sasa," alisema Profesa Makumbuli, "tunda la malezi yetu! Binti yetu Sikitu atawasomea majibu."

Sikitu alipanda. Mbele yake yalikuwepo yale majibu ya herufi za kupendeza. Kwenye meza kuu walezi wake wote waliketi kwa ngazi, kila mmoja na beji ya dhahabu yenye umbo la ini, na mwisho kulikuwa na kiti kitupu chenye picha ya Rais. Mtoa mada alitakiwa asome akiwa ameielekea meza kuu. Kuipa mgongo lilikuwa kosa ambalo hata sheria haikulitaja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria.

"Waheshimiwa walezi wangu," alisema. "Kuna mtu niliyemwahidi."

Akashuka kwenye mimbari. Akavuka jukwaa, akaipa meza kuu mgongo, akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu.

"Baba. Baba Machano. Ni mimi, Sikitu."

Macho yalitangatanga, yakamfikia. "Eh. Mnunua samaki."

"Nimekuja kukuambia yale majibu."

"Yamekuja?"

"Yamekuja. Ni virusi, baba, wadudu wadogo wa kwenye damu. Hujarogwa, na kaka yako hakuwa mlevi. Huenda umezaliwa navyo. Ini limeharibika na halitarudi."

"Nitakufa."

"Ndiyo, baba."

Machano alivuta pumzi, akaitoa. Haikuwa pumzi ya mtu aliyepigwa. Ilikuwa kama ya mtu aliyetua mzigo. "Ahsante," alisema. "Na Raya?"

Nyuma ya Sikitu kipaza sauti kilikohoa. Ilikuwa sauti ya Profesa Makumbuli. "Kwa masikitiko," ilisema, "simjui mtoto huyu." Kisha kukasikika mlio mdogo wa beji ikiwekwa mezani, kwani hivyo ndivyo mlezi alivyomvua mtu ulezi.

"Raya naye huenda anavyo," Sikitu aliendelea. "Apimwe. Na mtoto akizaliwa achomwe sindano ya chanjo siku hiyohiyo, asingoje kesho. Halafu amalizie sindano nyingine watakazomwambia. Akifanya hivyo, kuna matumaini makubwa kwamba mtoto hatapata."

"Simjui," alisema Mkurugenzi. Beji.

"Sindano iko wapi?" aliuliza Machano.

"Zahanati ya masista, kulekule ng'ambo ya mto. Wanayo, nimewauliza. Wao waraka wa kwamba ugonjwa umeisha haukuwafikia."

Machano alicheka, na kicheko kikamuuma, akashika tumbo. "Tulia, Mheshimiwa," alisema.

"Simjui," alisema Katibu Mkuu. "Simjui," alisema Waziri, bila kuacha kutazama dari. Simu ikaletwa, ikawekwa karibu na kipaza sauti, na sauti ambayo nchi nzima iliijua ikasema kwamba hata yeye hamjui. Hapohapo mama wa Itifaki akatangaza, kama sheria ilivyoelekeza, kwamba mtu aliyepiga magoti pale bila mlezi hajawahi kusoma. Shahada yake ikafutwa, ikafuatwa na cheti cha sekondari, na cha msingi. Safari ya ng'ambo haikutajwa, kwa kuwa haiwezekani kumfutia safari mtu asiyejua kusoma. Askari wawili wakaanza kupanda ngazi za jukwaa. Hawakuwa na haraka. Tumbo la mmoja wao ndiyo kwanza lilikuwa linaanza.

Sikitu alisikia yote. Alimfikiria mama yake na wale majirani. Akaiweka mikono yake juu ya magoti ya Machano.

"Binti," Machano alisema. "Kichwa changu sasa hivi ni kama tairi lenye pancha, ukijaza kinatoa. Rudia. Pole pole. Nataka kesho nimwambie mkwe wangu vilevile ulivyosema."

Askari walikuwa wamefika. Mmoja alimshika bega.

"Ngoja kidogo, kaka," Sikitu alimwambia bila kugeuka. "Hajashika bado."

Sijui kwa nini yule askari alingoja. Huenda naye alikuwa na mtu nyumbani.

"Raya apimwe," alisema Sikitu.

"Raya apimwe."

"Mtoto akizaliwa, sindano ya chanjo."

"Sindano ya chanjo. Kwa masista."

"Lini?"

Machano alifumba macho. Poda ilikuwa imeanza kuchirizika na jasho, na chini yake ile rangi ya manjano ikaonekana kwa wajumbe wote wa nchi rafiki. Midomo ilitafuta, ikakosa, ikatafuta tena.

"Siku hiyohiyo," alisema. "Asingoje kesho."

"Ndiyo, baba," alisema Sikitu. "Hivyohivyo."